Barua ya malalamiko: "mfumo mmoja" mliotuuzia ni programu nne zenye nembo moja

Kwa: Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: KUTOFANYA KAZI KWA MFUMO WENU WA USIMAMIZI WA UJENZI, NA MADAI YETU

Habari za kazi,

Naandika nikiwa bado mstaarabu, maana watu wa saiti walitaka waandike wao kwa lugha yao nikawaambia tulieni kwanza. Mnatujua, sisi ni kampuni ya ujenzi, ofisi ipo Dar na saiti kubwa ipo Dodoma, jengo la ghorofa. Mlivyokuja na lile presenteshen lenu mlitukuta kwenye hali ambayo makandarasi wengi wa hapa wanaijua vizuri tu: michoro inakuja kwa imeili, fomeni anaisoma kwenye group la WhatsApp, QS (mkadiriaji wa gharama za ujenzi) ana Excel yake, stoo kuna daftari, mhasibu ana programu yake ya mahesabu, na hakuna hata kimoja kinachojua mwenzake kafanya nini. Mkasema tupeni vyote hivyo, chukueni huu mmoja, "kuanzia mchoro mpaka malipo". Maneno hayo yapo kwenye brosha yenu, ninayo hapa mezani.

Na kabla hamjanijibu tena kwamba "watumiaji wanahitaji mafunzo zaidi", hilo jibu mmeshalitoa na silitaki. Mafunzo tumefanya, na fomeni wetu anayajua hayo mabatani yenu kuliko yule kijana mliyemtuma kutufundisha. Tatizo liko kwenye kitu chenyewe.

Nianze na bimu, ile mihimili ya zege, maana ndo zilizotuumiza zaidi. Bimu za ghorofa ya pili zilikuwa na mchoro rivisheni B (toleo B), nondo za chini ni Y16, yaani kipenyo cha milimita 16. Mhandisi mshauri akarudia mahesabu yake akatoa rivisheni C, nondo za chini zikawa Y20. Sawa, hayo ni mambo ya kawaida kwenye ujenzi, michoro inabadilika kila siku na ndo sababu mtu ananunua mfumo kama wenu. Mchoro mpya ukapandishwa upande wa michoro, ukapitishwa, ukapata tiki ya kijani, sisi ofisini Dar tukajua kazi imeisha. Kumbe tableti ya fomeni haisomi upande wa michoro, inasoma upande wa kazi za saiti, na kule mchoro ulibandikwa kama PDF siku kazi ilipofunguliwa na unabaki vilevile mpaka mtu aende akautoe kwa mkono abandike mwingine. Hakuna alama nyekundu wala meseji, hakuna kitu chochote kilichomwambia yule baba kwamba karatasi anayoisoma imeshapitwa.

Mafundi wakafunga Y16. Na walifunga vizuri, ringi zimepangwa kwa nafasi yake, biskuti (vipande vya zege vya kuinua nondo) zimekaa chini, mbao zimepakwa oili, pampu ya zege imeshasimama pembeni na malori yameshatoka kwenye planti. Ndo msimamizi wa mshauri akapanda juu na mchoro wake wa rivisheni C, akatoa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, akapima nondo ya kwanza, ya pili, akatuangalia, akasema hapa hamwagi mtu zege leo. Sasa zege likishachanganywa halikungoji mpaka upige simu sapoti ukaambiwa tiketi yako ni namba fulani. Malori tuliyageuza, zege tulililipia, na nondo zikafunguliwa moja moja.

Nikawapigia simu mkanijibu eti "moduli ya michoro na moduli ya saiti zinatumia hifadhidata tofauti". Jamani! Hicho ndo kitu tulichokuwa nacho kabla yenu, tena kwenye WhatsApp angalau mtu angeona mchoro mpya umeingia juu ya ule wa zamani.

Halafu brosha yenu hiyohiyo imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mfumo unafuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi. Mimi hicho kiwango nimekisoma, sehemu mbili za kwanza zimetoka 2018, na kinachotakiwa mle ni kwamba kila taarifa ijulikane iko kwenye hali gani: bado inafanyiwa kazi, imeshatolewa kwa wengine waione, imeidhinishwa itumike, au imewekwa kwenye kumbukumbu. Maana yake nzima ni kwamba mtu wa saiti asije akajengea mchoro ambao hali yake imeshabadilika. Kwenu rivisheni B na rivisheni C zote zilikuwa "zinatumika" kwa wakati mmoja, kila moja kwenye chumba chake. Mlichofanya ni kununua nyumba nne za watu tofauti, mkazipaka rangi moja, mkaweka geti moja mbele. Geti ni zuri kweli, pasiwedi moja tu unaingia, ila ukishaingia ukitaka kwenda nyumba ya pili inabidi utoke nje uzunguke.

Tuje kwenye stoo, hapa ndo nilicheka peke yangu kama mwehu. Nondo BOQ (orodha ya vifaa na kazi za mkataba) inazitaja kwa kilo, manunuzi wanaagiza kwa tani, stoo anahesabu vipande kwa sababu lori likifika unahesabu vipande, hubebi mzani. Ndivyo ujenzi ulivyo, na mfumo unaojiita wa ujenzi unatakiwa kulijua hilo kabla ya kitu kingine chochote. Hesabu yenyewe haina ugumu, kipenyo kwa milimita unakizidisha chenyewe kwa chenyewe, unagawa kwa 162, unapata kilo za kila mita. Y16 ya mita 12 ni karibu kilo 19, Y20 inakaribia kilo 30, kwa hiyo tani ya Y16 ni vipande kama 53 na tani ya Y20 ni kama 34. Kibarua aliyekaa na mafundi nondo msimu mmoja anakutajia hizo namba akiwa anakunywa chai.

Mfumo wenu sasa. Stoo kaandika ana 340. Manunuzi wanahitaji 12. Mfumo ukatoa ripoti kwamba tuna ziada ya 328 na ukalifunga ombi la manunuzi kwa kuwa "mzigo unatosha". Ziada ya 328 nini? Vipande ukitoa tani unapata nini, naomba mhandisi wenu yeyote anijibu. Na zile 340 zenyewe zilikuwa Y12, mfumo hauna habari, kwake nondo ni nondo. Mafundi wamekaa wanasubiri nondo ambazo kompyuta inasema zipo.

Kilichonifanya niandike barua badala ya kufungua tiketi nyingine ni ishu ya tarehe, maana hii inagusa hela ya mkataba. Mkataba wetu ni FIDIC (mkataba wa mfano wa kimataifa wa ujenzi), Kitabu Chekundu cha 1999, na kila kontrakta aliyeumia anakijua kifungu cha 20.1: ukiwa na dai la muda au gharama unatoa notisi ndani ya siku 28 tangu ulipojua au ulipotakiwa kujua tukio, ukipitisha hapo dai limekufa. Mshauri alitusimamisha kazi tarehe 5 Juni, shajara ya saiti ikajazwa siku ileile kwenye tableti, 05/06. Notisi tukaitoa tarehe 20 Juni, ndani ya muda kabisa. Sasa tunatoa ripoti ya shajara kwenye mfumo tuiambatanishe kama ushahidi, ripoti inasema tukio limetokea Mei 6, kwa sababu upande wa saiti unaweka siku mbele na upande wa ripoti unaweka mwezi mbele kama Wamarekani! Yaani kwa ushahidi wetu wenyewe, wenye nembo yenu juu, sisi tumechelewa. Tumekwenda kuokolewa na kitabu cha wageni cha mlinzi getini na barua ya mshauri mwenyewe. Mlinzi ana kalamu ya biki na daftari la mistari, na ndo aliyetunza tarehe sahihi.

Kuhusu malipo nitasema kidogo tu kwa kuwa ni wimbo uleule. Asilimia za kazi zinazojazwa saiti haziendi kwenye cheti cha malipo. QS mdogo anakaa na skrini mbili, anasoma huku anaandika kule, akimaliza anaandika tena kwenye programu ya mhasibu ambayo mlisema tutaitupa, hatujaitupa, kwa sababu upande wenu wa fedha hauna hata mahali pa kuingiza risiti ya EFD ya muuza kokoto. Kwa mkataba wetu mwajiri, yaani mwenye jengo, ana siku 56 za kulipa tangu mshauri apokee hesabu zetu na vielelezo vyake, kwa hiyo kila siku tunayochelewa kukusanya hizo karatasi inasogeza hela mbele na vibarua hawalipwi kwa tiki ya kijani. Ukitaka kujua kinachounganisha mfumo wenu ni nini, ni yule kijana. Siku akiumwa malaria mfumo umekatika.

Intaneti ya saiti inakatika, hilo tuliwaambia kabla hatujasaini, mkasema tableti inahifadhi yenyewe ikipata mtandao inarusha. Inarusha maandishi. Picha za nondo kabla ya kumwaga zege, ambazo ndo ushahidi pekee wa kitu ambacho kikishafunikwa hakionekani tena milele, zinabaki zinazunguka mpaka tableti ijizime. Fomeni kaamua mwenyewe kupiga picha kwa simu yake na kutuma WhatsApp. Nimemwambia aendelee.

Jambo lingine, invoisi zenu. Kampuni yenu imesajiliwa hapa, ofisi ipo hapa, wote tupo nchini, ila mnatoza kwa dola kwa kila mtumiaji, na stoo kipa anayeingia mara moja kwa wiki analipiwa sawa na mhandisi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilitoka Machi 2025, bei za ndani ya nchi ni kwa shilingi. Invoisi ijayo ikija kwa dola mhasibu atairudisha ilivyo.

Sasa tunachotaka. Mchoro ukiidhinishwa, ule wa zamani ufutike au upigwe mhuri wa "umepitwa" kwenye kila tableti ya saiti bila mtu kugusa, na kazi yoyote iliyofungamana nao isimame mpaka fomeni athibitishe ameuona mpya. Vipimo vya nondo vibadilishwe na mfumo wenyewe kati ya kipande, kilo na tani, kwa kipenyo. Tarehe iandikwe kwa mwezi wa maneno, basi, hata mtoto hatachanganya. Mkishindwa haya ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii tunavunja mkataba na tunataka turudishiwe ada ya mwaka, na gharama za zege lile lililogeuzwa tutaleta na risiti zake.

Na kwa vyovyote vile, tubaki au tuondoke, tupeni data zetu. Nimeziomba mkanipa rundo la PDF. PDF naifanyia nini? Nataka hesabu za stoo na shajara kwenye majedwali yanayofunguka kwenye Excel, modeli ya jengo kwenye IFC, aina ya faili la wazi ambayo programu yoyote ya maana inaisoma, na picha zote zikiwa na tarehe zake halisi. Hizo ni kazi zetu, jasho la watu wetu, sio mali yenu ya kutushikia tusihame.

Majibu yaje kwa maandishi na yasainiwe na mtu mwenye mamlaka. Simu za "tunalifanyia kazi bosi" sitapokea tena. Malipo ya robo hii yamesimamishwa kuanzia leo mpaka tuelewane.

Wenu,

Meneja wa Mradi

Nakala:
Mkurugenzi wetu
Mwanasheria wetu
Mhasibu (usilipe)