Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlango wa Chuo Kikuu ni Wetu Pia

Ndugu wanachama,

Pokeeni salamu za kamati yenu. Hesabu za mwaka zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma mwenyewe baada ya taarifa hii. Michango ya rambirambi imezifikia familia zote zilizofiwa. Darasa la Kiingereza la Jumapili linaendelea. Hayo sitayarefusha, kwa sababu kuna jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya kazi ya kamati mwaka huu, nalo ni jinsi majirani zetu Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walivyopata huduma ya chuo kikuu cha umma huku vijijini Missouri, na kwa nini sisi tunaozungumza Kiswahili bado tuko nje.

Wengi wetu tunasimama nao kwenye laini moja ya kazi kiwandani na watoto wetu wanapanda basi moja la shule, lakini wao walitutangulia. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu Walatino 118,592 katika jimbo hili. Ya 2010 ikahesabu 212,470. Ya 2020 ikavuka 300,000. Viwanda vya nyama, ambavyo zamani vilikuwa katika miji mikubwa kama Chicago na Kansas City, vilihamia miji midogo iliyo karibu na mifugo, vikalipa mishahara ya chini, kisha vikakosa watu wa kutosha. Waliokuja kujaza zamu ni watu wa Meksiko na Guatemala, baadaye Wasomali, Wakareni wa Burma, watu wa visiwa vya Mikronesia, na sisi tuliotoka Kivu na Burundi kupitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Miji hii haikuwa na mkalimani wala daktari aliyezoea wageni. Mara nyingi taasisi pekee ya umma yenye wataalamu na ofisi karibu na watu ilikuwa chuo kikuu.

Naomba tuielewe vizuri asili ya ofisi hizo. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali kuu, ili fedha zitakazopatikana zianzishe vyuo vya kilimo na ufundi kwa watoto wa wakulima na wafanyakazi. Ardhi hiyo ilitwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa Marekani, na tusilisahau hilo tunapoisifu sheria yenyewe. Mwaka 1890 ikaja sheria ya pili iliyovinufaisha vyuo vya watu weusi. Kimojawapo ni Lincoln University cha Jefferson City, ambacho askari weusi waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walikianzisha mwaka 1866 kwa kuchanga kutoka mishahara yao. Mtu yeyote katika chama hiki anayejua maana ya mchango atakiheshimu chuo hicho. Kisha mwaka 1914 ikatungwa sheria ya ugani, kwamba maarifa ya chuo yasifungiwe chuoni, yapelekwe kaunti kwa kaunti, na gharama zichangiwe na serikali kuu, jimbo na kaunti. Yule bwana shamba wa kaunti yako analipwa kwa kodi, na kodi yako wewe imo. Ukiingia ofisini kwake huendi kuomba hisani.

Walatino hawakupokelewa siku moja. Utafiti ndio uliofungua njia, tena utafiti wa watu waliokubali kuishi na wanaowachunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Donald Stull wa University of Kansas na wenzake walikwenda Garden City, mji wa jimbo la Kansas uliobadilika tangu kiwanda kikubwa cha nyama ya ng'ombe kifunguliwe jirani yake mwaka 1980. Walichunguza makazi, shule, majeraha ya kazini, na namna wazaliwa wa mji walivyoishi na Walatino na Wavietinamu. Mwaka 1989 Michigan State University ikaanzisha taasisi ya utafiti kuhusu Walatino yenye jina la Julian Samora, mwanasosholojia mwenye asili ya Meksiko aliyepata shahada yake ya udaktari St. Louis, jimboni kwetu. Na University of Missouri, kule Columbia, ikaanzisha Cambio Center, kituo cha utafiti kuhusu Walatino na miji inayowapokea, mwaka 2004, miaka miwili baada ya mkutano wa kwanza wa Cambio de Colores, unaowakutanisha watafiti, walimu, wahudumu wa afya, maofisa ugani na wahamiaji wenyewe.

Kazi ya Cambio Center ndiyo iliyonigusa zaidi. Watafiti wake, akiwemo mchumi wa kilimo Corinne Valdivia, hawakuishia kuuliza mtu analipwa kiasi gani. Waliuliza anamjua nani mjini, anazungumza lugha gani na nani, mji wenyewe unampokeaje, na hayo yote yanachangia vipi kipato chake na uamuzi wake wa kubaki au kuhama. Kila mmoja wetu analijua hilo kwa kuliishi. Ila mbele ya baraza la mji au bodi ya shule, maneno yetu matupu huchukuliwa kuwa manung'uniko, na utafiti uliofanywa vizuri huyapa uzito.

Matunda yake yanaonekana. Mpango wa Juntos, ulioanzia North Carolina State University mwaka 2007, unawaketisha pamoja mzazi na mtoto kuanzia darasa la nane, ili mzazi asiyejua mfumo wa shule za Marekani aujue kabla mtoto hajapotea njia. Kuna wahudumu wa afya ya jamii, akina mama wa Kilatino wanaofundishwa kisha kwenda nyumba kwa nyumba kueleza kisukari na chanjo kwa Kihispania. Na kuna familia zilizoacha kisu cha kiwandani zikanunua shamba dogo, na zikafundishwa namna ya kutunza hesabu na kuomba mkopo. Mama zetu waliolima mihogo na maharage maisha yao yote wanayahitaji mafunzo hayo hayo.

Hitaji hili si la kusubiri. Agosti 2023 kampuni ya Tyson ilitangaza kufunga kiwanda chake cha kuku cha Noel, mji wa watu kama 2,000 humu jimboni, na ajira zipatazo 1,500 zikaondoka. Mtu asiyejua ila laini anabaki na nini siku hiyo?

Najua pia hofu iliyopo. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama cha Postville, Iowa, wakakamata watu 389, wengi wao kutoka Guatemala. Tangu hapo, katika miji mingi kama hii, anayekuja na fomu mkononi hufikiriwa mabaya, na hali ya sasa haijapunguza wasiwasi huo. Wengine wetu tumehojiwa kambini mpaka tukachoka, na majibu hatukuyaona kamwe. Kwa hiyo kamati haipendekezi tumfungulie kila mtafiti mlango. Tunapendekeza tumkubali yule atakayekuja na mkalimani wa Kiswahili anayelipwa, asiyeandika jina wala hali ya makaratasi ya uhamiaji ya mtu, na atakayerudi kutusomea alichokipata kwa lugha yetu kabla hajakichapisha. Asiyekubali hayo, tumshukuru na tumsindikize.

Kwa upande wetu tusiwe watu wa kuhojiwa tu. Walatino walipata huduma kwa sababu baadhi yao walikaa mezani: wanafunzi wao wakawa wasaidizi wa utafiti, wazee wao wakaingia katika mabaraza ya ugani ya kaunti, ambayo yana viti vya kuchaguliwa na raia. Tunao vijana waliomaliza sekondari hapa, wanaojua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, lakini wanatafsiri barua za hospitali usiku bila hata ahsante. Hao ndio chuo kinawahitaji.

Mkutano utaombwa kuamua mambo mawili: masharti ya kupokea watafiti kama nilivyoyaeleza, na kuteua watu watatu, angalau mmoja mwanamke na mmoja kijana, watakaokuwa kiungo chetu na ofisi za ugani. Mapendekezo ya majina apewe katibu kwa maandishi au kwa simu kabla ya mkutano kuanza. Walio zamu ya usiku wanaweza kumtuma ndugu apige kura kwa niaba yao, kama katiba yetu inavyoruhusu.