Barua kwa Mwanangu Kabla Hajaupanda Mlima Meru

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani, sote hatujambo. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako mmekata shauri kupanda Mlima Meru mwanzoni mwa Agosti, na kwamba umemkumbuka mama yako, mwalimu wa jiografia, kabla ya kumkumbuka muuza viatu. Umeniuliza mambo mawili: mlima huo una kimo gani, na je, ni mwepesi kuliko Kilimanjaro? La kwanza halina maneno mengi. Vitabu nilivyokuwa nikifundishia viliandika mita 4,566, ilhali vipimo vya karibuni vinatoa mita 4,562, na miguu yako haitaitambua tofauti hiyo. La pili siwezi kulijibu kama ulivyoliuliza, maana Meru haifai kupimwa kwa rula ya Kilimanjaro. Ni mlima uliopotelewa na ubavu wake mmoja mzima, na karibu kila utakachokikanyaga, utakachokikwepa na utakachokitazama kule juu kinatokana na ubavu huo ambao haupo.

Ukiwa Arusha mjini huwezi kuligundua hilo. Kutoka huko, upande wa kusini magharibi, mlima unaonekana pembetatu iliyokamilika, na watu wengi wameishi chini yake miaka yote wakiamini kwamba ndivyo ulivyo pande zote. Ukizunguka hadi Momella, upande wa mashariki, utauona kama chungu kilichomeguka ubavuni: ukuta wa mwamba umejipinda kuizunguka kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, yenye upana wa kilomita zipatazo tano, na upande wa mashariki uko wazi kabisa. Meru ni volkano ya Bonde la Ufa, iliyojijenga kwa lava na majivu tabaka juu ya tabaka, na milima ya namna hiyo huweza kuonekana imara kwa nje huku ndani yake mvuke na maji ya moto yakiendelea kuilainisha miamba. Wanajiolojia hutaja takriban miaka 7,800 iliyopita kuwa ndipo ubavu wa mashariki uliposhindwa kujibeba ukaporomoka. Kifusi na tope vilitambaa tambarare nzima hadi kufikia miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro. Chukua ramani upime mwenyewe: kutoka kilele cha Meru hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kilomita sabini hivi.

Kifusi hicho ndicho utakachokanyaga kwanza, kabla hata hujaanza kupanda. Vilima vidogo vidogo utakavyoviona ukikaribia lango la Momella la kuingilia hifadhini, vingine vya mviringo, vingine vimekaa ovyo bila mpangilio wowote, ni mabonge ya mlima ule wa zamani yaliyoishia hapo yalipochoka kusafiri. Katikati ya mabonge hayo kulibaki mashimo, na mashimo yakajaa maji, yakawa Maziwa ya Momella. Mkipata muda, yapitieni, kwa sababu ni somo zuri kuliko yote niliyowahi kuchora ubaoni. Ni maziwa saba yaliyokaribiana, lakini rangi zake hazifanani, kwa kuwa kila moja hulishwa na maji yake ya chini ya ardhi, lina kiasi chake cha magadi na mwani wake wa aina yake. Heroe hupenda baadhi yake na kuyaacha mengine. Ukisimama kwenye kilima kilicho kati ya maziwa mawili unaweza kuona moja la kijani na jingine la buluu, na umbali kati yake ni wa kutembea kwa dakika chache tu.

Hapo hapo ndipo ninapotaka unisikilize kuhusu maji. Miamba ya Meru ina sodiamu nyingi na floridi nyingi, na maji yanayopenya ndani yake huibeba floridi hiyo hadi kwenye chemchemi, vijito na visima vya vijiji vinavyouzunguka mlima. Umeyaona meno ya kahawia ya baadhi ya watu waliokulia sehemu za Arusha na Meru. Watu hudhani ni uchafu au uzembe wa mswaki, kumbe ni maji ya utotoni mwao, waliyoyanywa meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Mtu mzima hapati madoa hayo kwa kunywa maji ya mlimani siku nne, basi usiwe na hofu kubwa. Nataka tu ujue kwamba maji hayawi salama kwa sababu tu ni maangavu na baridi, na kwamba kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Waulizeni waongozaji ni maji gani wanayopikia, nanyi mtumie hayo hayo.

Sasa nikupandishe. Lango la Momella liko kwenye mita 1,500 hivi, vibanda vya Miriakamba viko mita 2,514, na vibanda vya Saddle viko mita 3,570. Siku ya kwanza mtavuka mto Ngare Nanyuki na kupita mbuga ambako nyati hulisha wakati wowote wautakao, na kwa sababu hiyo hamtaruhusiwa kwenda bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hili ni jambo ambalo wapandaji wa Kilimanjaro huliona geni. Askari huyo hakuwekwa kwa mapambo, kwa hiyo mkae nyuma yake, msitawanyike kupiga picha, na mkimkuta nyati dume aliye peke yake msijidai mnamfahamu. Twiga nao ni wengi, na hao mtawatazama kwa raha zenu.

Kuna njia mbili za kufika Miriakamba: moja fupi yenye mwinuko mkali zaidi, na nyingine ndefu inayozunguka kusini ndani ya msitu na kupita chini ya mtini mkubwa ambao mizizi yake imefanya tao linaloweza kupitisha gari. Mtini wa aina hiyo huanza kama mbegu iliyodondoshwa na ndege juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi hadi ardhini, ukamkaba mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza, na pale alipokuwa pakabaki uwazi. Mimi ningewashauri mpande kwa njia ndefu na kushuka kwa fupi, ingawa mwongozaji wenu ndiye atakayeamua kwa kutazama hali ya hewa na nguvu zenu. Msitu huo unaishi kwa pepo za kusini mashariki zinazotoka Bahari ya Hindi. Pepo hizo zikipanda mteremko hupoa na kuangusha mvua yake upande wa kusini na kusini mashariki, na ndiyo maana Wameru na Waarusha wa miteremko ya kusini wanalima migomba na kahawa, ilhali upande wa kaskazini, unakotazama Longido, ardhi ni kavu na ni ya mifugo. Mkiwa msituni sikilizeni mbega kabla ya kuwatafuta kwa macho, kwani mngurumo wao huwatangulia.

Kutoka Miriakamba kwenda Saddle mtaona mimea ikibadilika karibu kila saa. Miti mirefu itapungua, matawi yataanza kuning'inia nyuzi za kijivu kama ndevu, kisha mtaingia kwenye vichaka ambavyo huku chini ni mimea midogo lakini pale vimekuwa vikubwa kumpita mtu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita kila mnapopanda mita elfu moja, kwa hiyo kati ya langoni na kileleni toa nyuzi zipatazo kumi na nane, kisha ongeza upepo. Mkifika Saddle mchana msilale kitandani hata kama mmechoka. Mle kidogo, kisha mpande Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani chenye mita 3,820, na kurudi. Mwili ukipelekwa juu kidogo kuliko utakapolala huanza kujizoeza mapema. Kule kileleni shinikizo la hewa ni karibu asilimia 57 ya lile la usawa wa bahari. Oksijeni ni sehemu ile ile ya hewa kama ilivyo pwani, ila hewa yenyewe imetawanyika, na kila pumzi inaingiza kidogo. Anayeumwa kichwa aseme; anayetapika au kuyumba ashushwe, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama ni wewe.

Mtaondoka Saddle usiku wa manane. Wengi hudhani ni kwa ajili ya kuwahi picha za mapambazuko, na picha ni nzuri kweli, lakini sababu kubwa iko hewani. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka bondeni na kugeuka mawingu, na mara nyingi kabla ya adhuhuri ukungu huwa umeufunika ukingo wote. Ukingo huo ndio mgongo wa safari yenu. Mtapita Rhino Point, jina lililobaki kwenye ramani ingawa faru mwenyewe hayupo tena hifadhini, kisha njia itateremka ghafla, na baada ya hapo mtakuwa mkitembea juu ya mdomo wa kasoko. Kulia kwenu ni mteremko wa nje, wa majivu na kokoto zinazoporomoka chini ya kiatu. Kushoto ni ukuta wa ndani, ambao karibu na kilele huanguka zaidi ya mita 1,500 hadi sakafu ya kasoko. Hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Kilimanjaro hukuchosha kwa kimo chake, nayo Meru, iliyo chini yake kwa mita 1,333, hukudai uangalifu wa kila hatua. Tumia fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto uwe huru kushika mwamba, na asubuhi mawe yenye barafu yapite bila haraka.

Kukipambazuka tazama chini kushoto kwako. Utaiona koni ya majivu ikiwa imesimama peke yake ndani ya kasoko, kilele chake kikifikia mita 3,667. Hiyo ni kazi ya volkano iliyoendelea kujijenga ndani ya jeraha lake, na mara ya mwisho Meru kulipuka ilikuwa 1910, kwa hiyo tunasema imelala tu. Kwa kuwa ukuta wa mashariki haupo, hakuna kinachokuzuia kuona: macho yanapita juu ya koni, juu ya maziwa na vilima vya kifusi, yanavuka tambarare hadi Kibo.

Nimekaa na ramani na jedwali la jua, na hili hutalisikia kwa mwongozaji. Kibo hakiko mashariki kamili ya Meru, kiko nyuzi kama kumi na sita kuelekea kaskazini. Desemba jua huchomoza mbali kuliani mwake, na mwishoni mwa Juni huchomoza kushotoni mwake. Mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Mei na mwanzoni mwa Agosti, huchomoza karibu kabisa nyuma ya Kibo chenyewe. Mei ni mwezi wa masika na mawingu, kwa hiyo Agosti ndiyo nafasi yenyewe, nanyi mmeiangukia bila kujua. Baada ya jua kutoka, geuka nyuma kwa dakika mbili kabla wenzako hawajakuita kupiga picha kwenye kibao cha Socialist Peak, ndilo jina la kilele cha Meru, uone kivuli cha mlima kilivyolala kuelekea Monduli, kikiwa pembetatu yenye ncha.

Kushuka kutawaumiza magoti kuliko kupanda, maana mtashuka ukingo wote mliopanda gizani, sasa mkiuona ulivyo, kisha mtalala Miriakamba. Asubuhi ya mwisho, kabla ya njia fupi ya kurudi langoni, mwombeni mwongozaji awapeleke hadi sakafu ya kasoko, kama muda unaruhusu. Mtaona ukuta mzima kwa chini, na utaweza kunionyesha kwenye ramani ni wapi hasa mlipokuwa saa kumi na mbili za asubuhi iliyotangulia. Ramani ya kontua nimeiweka pamoja na soksi za sufi kwenye kifurushi kitakachofika kwa basi la Ijumaa.

Ni mimi, mama yako.