Barua kwa mwanangu: hewa nyepesi ya Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza kwa nini Nakuru kuna makaburi ya wanajeshi wa anga wa Vita Kuu ya Pili ilhali mapigano yalikuwa mbali. Ni kwa sababu Nakuru palikuwa pahali pa kufundishia, na mafunzo nayo yaliua.

Kikosi namba 70 cha mafunzo ya kivita cha jeshi la anga la Uingereza kilianzia Ismailia, Misri, mwishoni mwa 1940. Katikati ya 1941 kikahamia Nakuru, kikarudi Misri 1943. Addis Ababa ilikuwa imeshatekwa Aprili 1941, kwa hiyo anga ya Kenya ilikuwa tulivu. Nanyuki nako kikaja kikosi namba 72. Waliofika hapa hawakuwa wanagenzi, kwani marubani walishafuzu kwingine. Walikuja kuunganishwa watatu watatu, yaani rubani, mwelekezi, na mpiga redio aliyeshika pia bunduki, na kuizoea Blenheim, ndege ya mabomu yenye injini mbili. Ukikuta makaburi matatu ya tarehe moja, yaelekea ni watu wa ndege moja.

Sasa shika kalamu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo, jedwali za urubani huhesabu joto la kawaida kuwa nyuzi 3. Mchana ukifika 26, zimezidi 23, na kwa kuwa joto huzidi kuifanya hewa kuwa nyepesi, kila nyuzi moja ni kama kuongeza mita 36 za mwinuko. Kwa hiyo ndege inaruka kana kwamba uwanja uko karibu mita 2,700. Huko, saa ya mwendo ikionyesha maili 100 kwa saa, mwendo wa kweli ni kama 114. Rubani aliyezoea usawa wa bahari haoni kosa lolote kwenye saa, ila breki zinapokea mzigo uliozidi kwa karibu theluthi, na uwanja unaisha mapema. Supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, huisaidia injini kupumua. Mbawa na propela haizisaidii kitu.

Blenheim yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Mapanga ya propela yalikuwa na pembe mbili tu, ndogo ya kurukia na kubwa ya safari. Ukiyaacha kwenye ile kubwa wakati wa kuruka, injini haifikii mizunguko yake na ndege inakimbia bila kuinuka. Vishikio vya kubadilishia viliwekwa nyuma ya rubani, jirani na vya kukatia injini mafuta, avitafute kwa kupapasa! Akishika kisicho chake, anazima injini mwenyewe. Mimi huo siuiti uzembe wa rubani, ni ubaya wa mchoro.

Injini moja ikifa mara baada ya kuruka, mapanga yake hayakuweza kugeuzwa yakate upepo, yalibaki kuvuta nyuma. Mwendo ukiwa mdogo, usukani wa mkia hauwezi kuizuia ndege isigeukie upande uliokufa, ikabiruka. Dawa ni kushusha pua upate mwendo, na hilo linataka nafasi chini yako. Kaskazini ya mji kuna Menengai, mita 2,278. Anayeelekea huko na injini moja anakutana na ardhi inayopanda.

Nanyuki ni juu zaidi kidogo. Hesabu yake ifanye mwenyewe, kwa nyuzi 24, uniletee nione.

Baba yako