Mteremko unaopanda unawachanganya watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mlinganyo wa mstari mnyoofu, ule ambao wanafunzi wa sekondari huuandika y = mx + c, wakaukariri kama sala, na wengi wakafika kidato cha nne bila kujua herufi hizo zinasema nini.

Juzi nilikaa na mwanangu, aliye kidato cha kwanza, tukipitia daftari lake. Katika mlinganyo y = 7 + 2x alikuwa ameandika kwamba mteremko, yaani m, ni 7, akapigwa mkasi mwekundu. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Baba, si namba ya kwanza ndiyo m?"

Nikamkumbusha sherehe ya kipaimara ya dada yake, tulipokodi turubai kwa shilingi 60,000 na viti kwa shilingi 500 kila kimoja. Nilimuuliza tungelipa kiasi gani iwapo tusingechukua kiti hata kimoja, akasema 60,000. Basi hiyo ndiyo c, yaani mahali mstari unapokata mhimili wa y (gharama), x (idadi ya viti) ikiwa sifuri. Nikamuuliza kila kiti kinachoongezeka kinapandisha gharama kwa kiasi gani, akasema 500, na hiyo ndiyo m, iwe imeandikwa mwanzo au mwisho. Alirudi kwenye daftari akasahihisha mwenyewe, kisha akaniuliza swali lililonikwamisha: kama gharama inapanda, kwa nini 500 iitwe mteremko?

Mtoto ana haki ya kuuliza. Sisi wa Kibosho tukitoka Moshi mjini kurudi nyumbani tunapanda mlima, na tunapokwenda mjini ndipo tunapoteremka, dereva mguu kwenye breki. Barabara ni ileile, lakini jina linafuata uendako. Katika hisabati uendako ni kumoja tu, kwa kuwa mstari husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: ukipanda, m ni chanya, ukishuka, m ni hasi, ukilala, m ni sifuri. Sentensi hiyo moja, ambayo sikuiona popote katika daftari la mwanangu, ingemwokoa mtoto aliyetoka juzi tu shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, na sasa anapewa fomula kwa Kiingereza pamoja na mifano mitatu ya ubaoni. Simlaumu mwalimu wake, maana darasa limefurika.

Mlima wetu wenyewe ungefaa kufundishia m iliyo hasi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilometa moja unayopanda kwenda juu, kwa hiyo siku ambayo Moshi ina nyuzi 24, mlinganyo ni y = −6.5x + 24, y ikiwa joto na x kilometa za kupanda, na kileleni Uhuru, yapata kilometa 5 juu ya mji, tunapata nyuzi 8.5 chini ya sifuri. Mpandaji anapanda, mstari unashuka!

Ombi langu kwa walimu ni kwamba waanze na turubai na viti, kwa Kiswahili, ndipo herufi zifuate. Kwa wanaosanifu istilahi, napendekeza walipime neno "mwinamo", kwa sababu kitu huweza kuinama upande wowote, ilhali hakuna aliyewahi kuteremka kwenda juu.

Mzazi,
Kibosho, Moshi