Vipimo vya vileja ulivyoniomba

Kikwajuni, Unguja
Ramadhan 21

Shoga yangu,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, na saumu zinakwenda vizuri. Mama anakusalimu sana. Miguu bado inamsumbua na vidole vimeanza kukakamaa, lakini tarawehe hakosi, na kila Maskati unakokaa ikitajwa huuliza kama watoto wako wanakula.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliposema vileja vyako vya Idi iliyopita, vibiskuti vyetu hivi vya unga wa mchele na samli, vilitandaa vyote kwenye trei vikawa kitu kimoja kama chapati, nilikuhurumia. Uliposema ukaishia kununua biskuti za dukani, na mwanao mdogo akakuuliza kileja ni nini, hapo nilizima simu nikakaa kitako. Mtoto wa nyumba ile! Sisi tulikuwa tukipigana kugombania mabaki ya bakuli.

Ukaniomba nikupe vipimo kwa gramu, maana "unga kiasi" na "samli ya kutosha" vimekuchosha. Haki yako. Tatizo ni kwamba mama hajawahi kupima kitu kwa gramu maishani mwake. Nilimuuliza samli kiasi gani, akanambia, "Mpaka unga ukubali." Nikamuuliza unga unakubali vipi. "Utauona." Basi nikaazima mizani kwa jirani anayeuza keki, na juzi baada ya tarawehe tukaingia jikoni sote wawili. Yeye akipima kwa kikombe chake cha bati chenye maua mekundu, mimi nikimpokea, namimina kwenye mizani, naandika. Mwanzo alikasirika, akisema namkatiza. Halafu akaanza kuuliza mwenyewe, "Hiyo imekuja ngapi?"

Imekuja hivi. Unga wa mchele vikombe vitatu ni gramu 500. Samli kikombe kimoja na kitonge juu yake, gramu 250. Sukari iliyosagwa vikombe viwili kasoro, gramu 220. Mayai mawili. Hiliki kijiko cha chai kilichojaa, beking pauda nusu kijiko cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Hivyo tu. Vinatoka kama 50, ukifinyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo.

Sasa nikwambie vyako vilikosea wapi, kwa sababu nadhani nimejua. Ulisema samli uliiweka karibu na jiko ikayeyuka ukaimimina. Hapo ndipo. Samli iliyoyeyuka haipigiki, haishiki hewa, inanywewa na unga tu kisha ikipata moto inakimbia na kidonge kinaifuata. Samli iwe imeganda lakini laini, ya kuingia kidole bila kusukuma. Itie kwenye bakuli pamoja na sukari uipige kwa kiganja, huku ukiisukuma ukutani mwa bakuli na kuirudisha, mpaka rangi ya manjano iondoke ibaki nyeupe, nyepesi, imetuna kama krimu. Kwa mkono ni dakika 20 hasa, nimemtegea mama saa. Ukiwa na mashine ni dakika tano au sita. Ndipo unatia yai moja, unapiga, la pili, unapiga. Mama anasema hapa ndipo kileja kinapoumbwa, huko mbele ni kukipa sura tu, na baada ya kumwangalia kwa karibu namwamini.

Na ile siagi uliyochanganya nusu kwa nusu iache. Siagi ni tamu kwenye mkate, lakini ina maji ndani yake, karibu gramu 16 katika kila gramu 100. Samli imeshachemshwa maji yakaondoka, imebaki mafuta matupu, ndiyo maana kileja cha samli kinavunjika mdomoni kama mchanga mkavu kisha kinayeyuka. Na unga wa mchele nao hauna ule mnato wa ngano unaovutana, kwa hiyo hakuna kinachokishika kileja ila samli na yai. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo sababu hakitaki haraka.

Unga wa pakiti utakufaa ukikosa budi, ila ni laini mno, kileja kinakuwa kama chaki. Kama una blenda, osha mchele, uroweke saa moja, uchuje, uutandaze juu ya kitambaa safi mpaka ukauke nusu, kisha usage na uchekeche. Unaobaki kwenye chekeche urudishe usagwe tena. Halafu uanike, usiutumie mbichi, maana una unyevu na utakulazimisha kuongeza unga kila mara. Ule uchenga kidogo sana unaobaki ndio unaoufanya mdomo ujue kwamba hiki ni kileja cha mchele.

Unga utie kidogo kidogo. Na "kukubali" kwenyewe nimekuona hatimaye, shoga yangu, sikuamini. Unaufumba mkononi unashikamana, unafumbua kiganja haukubandiki, ukibonyeza kwa dole gumba unapasuka pembeni. Ukipasuka vipande vipande ongeza kiini cha yai. Usipopasuka kabisa ongeza kijiko cha unga. Halafu funika uuweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufinyanga. Mama hakuwa na friji, alikuwa akikanda alfajiri kabla jua halijapanda. Shabaha ni ile ile.

Bonyeza kila kidonge katikati kwa kidole, utie nukta ya zafarani iliyorowekwa kwa maji ya mawaridi. Wengi hutia rangi nyekundu, lakini huko zafarani unayo karibu, usiniletee rangi ya chupa. Moto nyuzi 160 hadi 170, dakika 20 mpaka 25. Juu kibaki cheupe, chini kiwe na rangi ya ganda la karanga. Kikibadilika rangi juu ujue kimeshapita. Na ukikitoa usikiguse! Kikiwa cha moto ni tope, kitakuvunjikia mkononi ukalia bure. Kiache kwenye trei mpaka kipoe kabisa.

Unakumbuka tulipokuwa hatuna oveni ya kusema? Sinia la sufuria, mchanga chini, trei juu ya vijiwe vitatu, mfuniko wa bati umepaliwa makaa. Kazi yetu mimi na wewe ilikuwa kupepea na kutoa majivu. Na ule mwaka umeme wa kisiwa kizima ulipopotea miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wenye oveni zao wote walirudi kwenye makaa. Maulidi ya mfungo sita yakatukuta gizani. Mama yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaja kwetu na unga wake umefungwa kwenye kanga, akasema jiko moja litatosha nyumba mbili, makaa yamepanda bei. Wakapika usiku kucha kwa taa ya chemni. Vya chini viliungua kidogo na vikaliwa vyote. Mpaka leo kileja kikinukia moshi kwa mbali huwa nakiona kitamu zaidi ya cha oveni, na hakuna atakayenibadilisha hilo.

Mwaka huu nitapika mara mbili. Tarehe 27 nitapika vya sahani za majirani, na usiku wa mwezi kuandama vya nyumbani. Sahani ya kwanza inakwenda kwa bibi wa nyumba ya kona. Yuko eda, hawezi kutoka, na Idi ya kukaa ndani bila mtu kukugongea ni ndefu mno. Kisha mwalimu wa chuo cha Kurani, kisha wale wapangaji wapya kutoka bara. Hao ni Wakristo. Krismasi walituletea keki ya limau, na sahani yao bado iko kabatini kwangu inaningoja. Nitaijaza vileja upande mmoja na visheti upande mwingine.

Siku za kawaida simalizi samli, bei yake huijui ilivyo sasa. Kwa chai ya alasiri napika nankhatai, biskuti za unga wa ngano na suji kidogo, na hapo majarini inakubalika. Wanangu wanazipeleka skuli kwenye kikopo. Nankhatai mwanzo wake ni Surat, India, na hapa tumezipokea zamani mpaka tumesahau kwamba ni wageni. Ukishazoea vileja nitakuandikia na hizo. Anza na kimoja kwanza, ukipate, ukirudie mpaka mkono uzoee, usiruke.

Watoto wako wafanye nukta za zafarani. Usiwaondoe jikoni kwa kuogopa uchafu. Mdogo mpe bakuli alambe, mkubwa mpe kazi ya kupiga hiliki kwenye kinu na kijiko cha sukari, inasagika upesi ikiwa na sukari. Na wageni wakija siku ya kwanza, halwa na kahawa ziwepo kama desturi ya huko, lakini vileja viwe karibu ya dalla, birika la kahawa, wavione. Wazee wa Kizanzibari waliohamia huko watajua wenyewe, hutahitaji kuwaeleza.

Dada wa mume wangu anasafiri Jumanne, nimempa kopo lako. Vileja haviendi safari, vingefika unga, kwa hiyo nimekutilia visheti na nankhatai kidogo, kila safu na karatasi yake. Zimepoa usiku mzima kabla sijafunika, hazitalainika. Wiki mbili zinakaa, tatu ukilifunga vizuri, ingawa najua nyumba yako hazitafika huko.

Kuna kitu kingine ndani. Juzi tulipomaliza kupima, mama alikigeuza kile kikombe cha maua akakitazama chini, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Hiki si chetu." Nikamwambia mama, kikombe hiki nimekikuta tangu kuzaliwa. Akasema hapana, kilikuja na sukari kutoka kwa mama yako, Idi moja tulipokuwa tumeishiwa, wewe na mimi hatujaanza skuli. Alikuwa akikirudisha kila siku kesho, mpaka kikawa kipimo chake, akaona haya kukitaja. Miaka yote hiyo vileja vyetu vilikuwa vikipimwa kwa kikombe cha mama yako. Chini kina mkwaruzo wa herufi za jina lake, umefutika nusu, lakini ukikiinamisha kwenye mwanga unasomeka.

Mama amekiosha mwenyewe kwa majivu, akakikausha, akakataa kukifunga kitupu. Kimejaa hiliki za shamba la mjomba, zilizokaushwa mwezi uliopita. Kiko katikati ya kopo, kimezungushiwa kanga ili kisigonge. Gramu nilizokuandikia ni za siku unayoanza tu. Ukishakishika, vikombe vitatu vya unga, kimoja na kitonge cha samli, viwili kasoro vya sukari.

Shogayo wa Kikwajuni