Msimwambie mteja mashine yake ni kuukuu

Kwa Mhariri,

Kuna jibu moja ambalo sisi tunaohariri video za harusi na mazishi hapa jijini Nairobi tumelizoea mno: "Mama, mashine yako ni ya zamani, haisomi diski hizi." Mteja amerudi na diski ya Blu-ray aliyoilipia, ile inayofanana na DVD ila yenye nafasi kubwa zaidi. Anasema imekataa kucheza nyumbani, au inacheza kisha inakwama, au picha ipo na sauti hakuna. Hata hajamaliza kueleza, jibu limeshatolewa. Anaondoka akiamini kosa ni lake. Wapo wanaoteremka hadi Luthuli Avenue kununua mashine nyingine, na diski ikitiwa humo inakataa vilevile.

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba mara nyingi mashine haina hatia. Iwe ni ya mitumba iliyotoka Uingereza, iwe ni PlayStation 3 ya watoto, kucheza Blu-ray inakujua tangu ilipotoka kiwandani. Kilichoharibika ni namna video ilivyobanwa na kupangwa kabla ya kuchomwa, yaani kuandikwa kwenye diski, na hiyo ni kazi yetu sisi.

Wateja wengi hawajawahi kuelezwa, basi nieleze. Ni kweli diski hii ina nafasi kubwa: gigabaiti 25 ikiwa ya tabaka moja na 50 ikiwa ya tabaka mbili, ilhali DVD ya kawaida ina 4.7. Leza yake ya nanomita 405 husoma alama ndogo kuliko leza nyekundu ya DVD, ambayo ni ya nanomita 650. Lakini nafasi imekuja na masharti. Mashine ya Blu-ray inalazimika kucheza video za aina tatu: MPEG-2, VC-1 na H.264. Kwa sauti inalazimika kucheza Dolby Digital, DTS ya kawaida na sauti isiyobanwa kabisa. Na inatarajia kukuta folda inayoitwa BDMV, yenye mafaili ya m2ts yaliyopangwa pamoja na orodha zake kwa utaratibu maalumu. Ukichukua MP4 iliyotoka kwenye kompyuta ukaichoma jinsi ilivyo, umemtengenezea mteja ghala la data. Zipo mashine zitakazokubali kuicheza kwa hisani tu. Zitakazokataa hazijavunja sharti lolote.

Najua mwenzangu atasema, "Lakini kwangu ilicheza." Ilicheza kwenye laptopu, kwa programu ya VLC. VLC hula kila kitu, hata faili lililokatika katikati italitafuna. Huko si kujaribu diski.

Niyapitie haraka makosa yaliyo mepesi kurekebisha. Sauti ya AAC, ambayo kamera na simu nyingi hurekodi, haimo katika masharti ya diski hii. Ndiyo maana bibi harusi anaonekana akila kiapo na sebule yote kimya. Igeuzwe iwe Dolby Digital ya hezi 48,000, kilobiti 448 au hata 640 kwa sekunde, na nyimbo mlizoweka chini ya picha zikiwa hezi 44,100 zigeuzwe pia. H.265, njia nyingine ya kubana video, nayo haimo. Vijana wanaipenda kwa kuwa ni mpya na faili lake ni dogo, lakini Blu-ray ya kawaida haiijui. Inayoijua ni Ultra HD Blu-ray, ile ya 4K, ambayo kiwango chake kilikamilishwa mwaka wa 2015, na hiyo inataka mashine yake yenyewe. Kwa hiyo ukiona bango ngazini linaahidi "harusi ya 4K kwenye Blu-ray", uliza mara mbili kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni.

Jambo linalonikera zaidi ni fremu, yaani zile picha moja moja zinazopita kila sekunde, na hapo wasomaji wanivumilie kidogo.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Taa za mirija kanisani humetameta mara 100 kwa sekunde, na mpigapicha akiiacha kamera kwenye fremu 30 bila kuangalia shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, ukuta nyuma ya madhabahu huanza kupitwa na mawimbi ya kiza. Ndiyo maana tunapiga fremu 25 au 50, na tunafanya vyema. Sasa fungua masharti ya Blu-ray kwa picha ya 1920 kwa 1080. Utakuta fremu nzima 24 kwa sekunde, pamoja na ndugu yake wa 23.976. Utakuta nusu-fremu 50, yaani kila picha huletwa mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, na nusu-fremu 59.94. Fremu nzima 25 hazimo! Waliopanga waliwafikiria watu wa sinema na watu wa televisheni, sisi wa fremu 25 tukabaki nje ya mlango.

Mhariri asiyejua hili anapoona programu imekataa, anachagua kinachokubalika kwenye orodha, labda 24. Programu inatii. Inatupa fremu moja kila sekunde, na matokeo yake maharusi wakitembea kuelekea madhabahuni wanashtuka kila sekunde kana kwamba wanakanyaga mwiba. Programu nyingine badala ya kutupa fremu huipunguza kasi video yote: harusi ya dakika 120 inakuwa ya dakika 125, na mchungaji anapata sauti nzito kuliko aliyopewa na Mungu. Wengine huchagua 29.97, na hapo fremu zinarudiwa-rudiwa ili hesabu itimie. Kisha mteja anaambiwa televisheni yake ndiyo mbovu.

Njia sahihi ipo na haiharibu hata pikseli moja. Fremu 25 zinabaki 25, ila zinaandikiwa kuwa ni nusu-fremu 50. Kila fremu inagawiwa mistari yake ya witiri na ya shufwa, na kwa kuwa yote ilipigwa papo kwa papo, mashine ikiikutanisha picha inarudi nzima. x264, programu ya kubana video kuwa H.264, ina chaguo mahususi la kazi hiyo.

Kama mlipiga fremu 50 nzima, kwa 1080 hazikubaliki katika diski ya kawaida. Mnaweza kushuka hadi 1280 kwa 720, ambako fremu 50 zinaruhusiwa, au kubaki na 1080 kwa nusu-fremu 50. Mimi huchagua nusu-fremu, hasa kama kulikuwa na ngoma ya isukuti, kwa sababu mabega yanabaki yakitikisika kwa ulaini uleule na nguo hazipotezi urembo wake. Wanaopenda 720 tutabishana siku nyingine. Na tafadhali, mwenye droni aambiwe mapema. Wengi huja Arboretum na droni iliyowekwa fremu 30, na ukiichanganya na kamera za 25, fremu moja katika kila sita inatupwa na gari la maharusi linaruka kama limepita matuta. Simu za jamaa ni balaa zaidi, maana fremu zake hupanda na kushuka zenyewe kulingana na mwanga, na baada ya dakika kadhaa midomo na maneno haviendi pamoja. Video zake zigeuzwe ziwe na fremu thabiti kabla ya kuingizwa kwenye kazi.

Halafu kuna kukwama. Mteja anasema, "Diski inasimama pale wanapomwagiwa maua." Anaambiwa ina mikwaruzo, aletewe nakala nyingine, na nakala hiyo inasimama palepale, kwenye maua yaleyale. Mikwaruzo haichagui mahali kwa makini namna hiyo. Nakala mbili zikikwama sekunde ileile, tatizo liko kwenye faili.

Maua, karatasi za kung'aa, shanga za gauni chini ya taa za ukumbi: vitu vidogo maelfu vinavyosogea kila kimoja upande wake. Picha ya namna hiyo haibaniki kwa urahisi, inadai data nyingi kwa ghafla. Masharti yanasema video isizidi megabiti 40 kwa sekunde, na kwamba akiba ambayo mashine huweka kabla ya kuonyesha ni megabiti 30. Wanaoishi kwenye ploti za kupangisha za Eastlands wataelewa upesi: akiba hiyo ni tangi la maji juu ya paa. Bomba la jiji linaingiza kwa kasi yake na haliongezi. Wapangaji wote wakifungua mifereji kwa pamoja, tangi linakauka na aliye bafuni anabaki na sabuni usoni. Mhariri aliyeandika megabiti 60 "ili picha iwe safi", au aliyeweka wastani wa 30 bila kuweka kikomo cha juu, amefungua mifereji yote. Kompyuta haitalalamika kwa sababu inasoma kutoka kwenye diski kuu yenye kasi. Mashine ya sebuleni italalamika.

Kwa hiyo kikomo kiandikwe, na akiba iandikwe. Kiwango cha H.264 kiwe 4.1, kila fremu igawanywe vipande vinne, na video ikizidi megabiti 15 kwa sekunde kuwe na fremu inayojitegemea angalau kila sekunde. Wala hakuna haja ya kufukuzia 40. Harusi ya saa mbili kwa wastani wa megabiti 24 inachukua takriban gigabaiti 21.6, ukiongeza sauti na vikorokoro vya kufungia bado inaingia kwenye diski ya 25, na sijaona bibi harusi aliyelalamikia ubora huo.

Kuna wanaojitetea kwamba programu za kazi hii ni ghali. Si kweli. Tangu mwaka wa 2010 x264 imeweza kutoa video inayokubalika kwenye Blu-ray, na ni ya bure. tsMuxeR, ya bure pia, hupanga folda ya BDMV. Anayetaka menyu zenye picha za kupendeza atapata taabu kidogo, maana Adobe Encore iliyozoeleka ilikomea kwenye toleo la CS6 la mwaka wa 2012, ingawa bado naiona kwenye kompyuta kadhaa hapa mtaani. Mimi naona menyu si lazima. Mtu anayeweka diski ya harusi ya mwanawe anataka harusi ianze.

Wengine watasema yote haya ni kupoteza muda, diski zimekufa, mpe mteja flashi au kiungo cha mtandaoni. Ni kweli Sony iliacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia Februari 2025, na nimewasikia wenzangu wakiitumia habari hiyo kama cheti cha kuruhusiwa kulipua kazi. Lakini wapo wanaozitengeneza bado, na wapo wateja wanaoziomba kwa sababu zao. Flashi hufutwa na watoto ili watie nyimbo. Kiungo kinataka bando, na wazazi walio mashambani hawatanunua gigabaiti kadhaa kuangalia mazishi ya baba yao. Diski ya kuchomwa mara moja haifutiki, na mzee anaweza kuiweka mwenyewe bila kumwita mjukuu. Mkiona hamuitaki kazi hiyo, ikataeni. Msiichukue pesa kisha mkatoa diski ya MP4 yenye kava zuri.

Ombi langu kwa wateja ni hili. Mnapoandikiana na mpigapicha, msitosheke na neno Blu-ray kwenye risiti. Mwambieni aandike kwamba diski itakuwa na folda ya BDMV, kwamba itacheza kwenye mashine ya kawaida, na kwamba isipocheza atairudia bila malipo. Salio msilitoe ofisini mkitazama laptopu yake. Litoeni baada ya diski kuchezwa kwenye mashine: mwanzo, katikati pale pa maua, na mwisho. Vyuo vinavyofundisha video hapa Nairobi navyo vitenge japo vipindi vichache vya somo hili, kwa sababu vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya kazini wanajua kurekebisha rangi za video kwa ustadi wa ajabu na hawajui akiba ya megabiti 30 ni nini.

Na kwa wenzangu watakaouliza wajaribie wapi: tafuteni mashine moja ya mitumba, kadiri ilivyo kuukuu ndivyo inavyofaa, muiunganishe na televisheni yoyote iliyopo ofisini. Ikikubali diski yenu hiyo, mteja mpeni.

Mhariri wa video za harusi,
River Road, Nairobi