Nimeiacha Inayong'aa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kungoja jibu. Naona ile picha imekuchekesha. Umeniuliza kama bastola nimeiokota jalalani. Sijaiokota, nimeinunua, tena kwa kuchagua: mezani zilikuwa mbili, nikaiacha ile iliyokuwa iking'aa. Najua ungekuwa wewe ungeondoka na ile nyingine, basi tulia nikueleze.

Zote mbili ni nakala za rivolva ya Remington ya baruti nyeusi, ile inayoitwa ya 1858 kwa sababu ya tarehe ya hataza, Septemba 14, 1858, iliyochorwa juu ya mtutu wa zile za asili, ingawa toleo lenyewe la jeshi lilianza kutengenezwa 1863. Nakala zinatoka Italia, upande wa Brescia, kwa watengenezaji kina Uberti na Pietta. Anayetaka pambo la ukutani hana shida, achukue inayompendeza. Mimi nataka ya kulengea shabaha, niichafue, niioshe, wiki ijayo nirudi nayo uwanjani.

Muuzaji alisema haina kitu ndani. Sikumbishia, lakini nilikagua. Silaha hizi baruti na risasi hushindiliwa kwa mbele ya silinda, kwa hiyo kukosekana kwa fataki (kile kikofia cha nyuma kinacholipuka kikigongwa na nyundo) hakumaanishi chumba ni kitupu. Nikakoki nusu, yaani nikavuta nyundo hadi katikati, nikateremsha wenzo wa kushindilia, nikavuta pini, silinda ikadondokea kiganjani, nikachungulia vyumba vyote sita kwenye mwanga. Nimewahi kuiona gololi, yaani risasi ya duara, imelala chumbani juu ya baruti yake, na mwenye silaha akiapa kwamba ni tupu.

Sasa hiyo inayong'aa. Fremu yake ni shaba ya njano, imesuguliwa hadi unajiona uso. Lakini silinda ilipotoka, kwenye ukuta wa nyuma wa fremu nikaona duara la meno limejichapa kama muhuri kwenye nta. Ni kitako cha silinda hicho, kila mshindo kikirudi nyuma na kuigonga shaba, nayo shaba ni laini. Mwenyewe wa kwanza alipenda moshi mwingi. Matokeo yake nafasi kati ya silinda na mtutu imepanuka. Nikiishika silinda naisukuma mbele na nyuma kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Sisemi shaba haifai kabisa, ukiilisha baruti kidogo inadumu. Ila hii ilikwisha kuchoka. Na skrubu zake zote vichwa vimetafunwa, maana yake kuna fundi wa kubahatisha aliyepita mle ndani na bisibisi isiyo yake.

Yangu ni ya chuma. Ndiyo, rangi imebambuka ubavu mzima, na mpini una mikwaruzo kana kwamba uligombaniwa na paka. Muuzaji akasema ni ya juzi juzi tu. Nikamwonyesha chapa za ukaguzi wa Kiitalia: PN, yaani baruti nyeusi, na pembeni yake kisanduku chenye herufi AP. Herufi hizo ndizo mwaka. AA ni 1975, halafu zinapanda kwa kuruka baadhi. AP ni 1986. Akacheka, bei ikashuka kidogo. (Wewe nayo yako kaiangalie, usije ukawa unaisifia ujana wa bure.)

Nilimuuliza pia kama imewahi kutiwa baruti ya kisasa, ile isiyo na moshi. Swali hili waulize wote, hata kama mtutu umeandikwa kwamba ni baruti nyeusi tu. Ile ya kisasa shinikizo lake si saizi ya silinda hizi. Jibu la mdomo halitoshi, kwa hiyo nilipitisha kidole taratibu juu ya kila chumba kutafuta uvimbe. Hakuna.

Kipimo kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kukoki polepole. Unaegemeza kidole gumba cha pili kwenye silinda, uilemeze kidogo tu, halafu unavuta nyundo kama mtu anayefungua mlango wakati watoto wamelala. Kufuli la silinda linatakiwa liingie kwenye tundu lake kabla nyundo haijafika mwisho. Chumba cha kwanza, tak. Cha pili, tak. Nikaenda hivyo hadi cha sita, nacho kikachelewa: nyundo imefika, silinda bado haijafunga. Nikarudia mara tatu, ni kile kile. Hapo gololi inaingia mtutuni upande, inanyolewa, na mchezo si salama. Lakini kasoro ya namna hiyo mara nyingi ni kile kidole cha chuma kinachosukuma silinda kimelika, nacho hubadilishwa. Fremu iliyochapika hubadilishi. Nikaivumilia, nikapunguziwa tena.

Ndani ya mtutu mifereji inayoizungusha gololi ina makali yake, vishimo vya kutu viko viwili vitatu karibu na mdomo. Vyumba nilivipima kwa kipimio chako: inchi 0.447, wakati mifereji ya mtutu ni 0.451. Ni ugonjwa wa nakala nyingi huo. Gololi ya 0.454 inanyolewa inaposhindiliwa, inaacha pete safi ya madini ya risasi, kisha inafika mtutuni ikiwa nyembamba. Huenda siku moja nitavipanua, siku moja.

Nyumbani ndipo nilipokutana na jambo ambalo mezani nililikosa. Kifa kimoja (kichuchu cha nyuma ya chumba kinachovalishwa fataki), kile cha chumba cha tatu, kiligoma kutoka. Moshi wa baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na mtu asipoosha mapema kwa maji ya moto na sabuni, hesi zinashikana na kutu. Nilikiloweka mafuta siku nne. Siku ya tano kikatoka kwa mlio uliofanya nidhani kimekatika. Nimeweka vifa vipya sita, na fataki namba 10 zinakaa vizuri. Namba 11 zinapwaya na kuanguka kwenye nyundo.

Kidole kipya fundi amekiweka, cha sita sasa kinafunga kama wenzake. Jumamosi nikaenda mita 25, baruti gramu 1.3, juu yake semolina (ngano ya chengachenga) ili gololi ikae karibu na mdomo wa chumba, na grisi juu ili moto usirukie vyumba vya jirani. Nikafuata utaratibu wa mashindano ya silaha za kale: risasi 13 kwa dakika 30, kumi bora ndizo zinazohesabiwa. Nimepata pointi 81. Nyingi zimejikusanya chini kushoto, na kosa hilo ni la mkono wangu.

Kipimio chako nitakirudisha mwezi huu. Nimekipaka mafuta, na ile kofia ya betri iliyopotea si mimi.

Wako,
yule yule mbishi